Saini Niliyoiweka kwa Jina la Celestine

Sogeeni, wanangu, na wewe Zadock funga lango kwanza, kwa maana kila pikipiki inayokata kona kutoka barabara kuu ya Ahero moyo wangu huniambia ni Dishon amekuja, nami sitaki anikute katikati ya maneno haya. Msinikatize. Pumzi iliyobaki ni kidogo, na jambo lenyewe nimelificha miaka mitatu, likanila kifuani kuliko huu ugonjwa ambao daktari ameupa jina.

Mnayakumbuka mafuriko yale yaliyosimama hadi kwenye madirisha. Mpunga ulikwenda, kuku walikwenda, vitanda tulivikuta vimevimba kama maiti. Na ni mwaka huohuo, Celestine, watu wa mume wako walipotuma habari kwamba wanakuja na mahari. Mimi Perez, binti wa Sondu, mjane wa Opondo, niliona haya wakwe waje kukalia madebe. Njaa humtuma mtu kuomba, wanangu, lakini aibu humtuma kuiba. Nikaenda Kisumu kwa kampuni moja ya mikopo, ghorofani juu ya duka la viatu, na huko ndiko nilikompata Dishon, kijana wa sauti tamu, asiyeinua macho kwenye karatasi zake. Akasema nitapata shilingi elfu themanini za makochi na mabati, kisha akanisukumia kurasa nne za Kiingereza. Mimi shule niliachia darasa la nne. Nikamuuliza zinasema nini, akacheka.

"Mama, hii ni kawaida tu. Kila mtu anaweka saini."

Nikaweka, na hivyo nikaandika shamba la baba yenu kuwa rehani bila kujua. Halafu akasema anatakiwa mdhamini, mtu wa mshahara.

Hapa ndipo ulimi wangu unapokuwa mzito. Celestine, wakati huo ulikuwa umeanza kufundisha, umepanga chumba Migosi, na nakala ya kitambulisho chako nilikuwa nayo mfukoni, ile uliyoniachia ya chama cha mazishi. Dishon akaitazama, akasema, "Si ni binti yako? Mwandikie hapa, damu ni moja." Nami nikaandika jina lako, nikizipinda herufi kama nilivyokuwa nikiziona kwenye madaftari yako ukiwa mdogo. Naye aliyeniona kwa macho yake mawili akaandika chini yake kwamba amemshuhudia Celestine akiweka saini.

Usiseme kitu bado, mwanangu. Ngoja.

Nililipa. Nililipa elfu hamsini na mbili kwa kuuza mchele na mboga, kisha msimu mwingine ukafa maji, nikakwama. Dishon akaanza kuja. Hakutukana, angetukana nisingemwogopa hivyo. Aliketi, akanywa chai yangu, akauliza mpaka wa shamba uko wapi, akapiga picha kaburi la baba yenu. Siku moja akaniambia kwa upole, kama mtu anayeniombea, "Mama, hii deni imefika laki tatu. Ukienda, tutaongea na watoto. Hata kwa matanga tutakuja, tutakaa kwa hema na watu wengine." Tangu siku hiyo nikisikia pikipiki nilikuwa nakimbilia katikati ya mpunga, nalala kifudifudi matopeni, mwanamke wa umri wangu, mama wa watu wazima, nikimsikia akiniita jina langu kwa heshima, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Ndipo nikasikia kanisani habari za wakili Wangui, mjini, anayewasomea mikataba wasiojiweza bila malipo. Nikampelekea zile kurasa. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akaniuliza nani alinisomea kwa lugha ninayoijua, nikasema hakuna. Akauliza shamba liko kwa jina la nani, nikasema la mzee. "Na mzee yuko wapi?" Nikamjibu, "Mbele ya nyumba, amelala." Akatikisa kichwa, akasema kile kipengele cha shamba hakina nguvu ya sheria, kwani mtu hawezi kuweka rehani mali ya marehemu kabla korti haijapitisha mirathi. "Lakini pesa ulipokea, mama. Hiyo korti inaweza kusema urudishe, na riba ya haki juu yake. Sitakudanganya."

Nilitaka kumkumbatia. Kisha akafunua ukurasa wa mwisho.

"Na huyu Celestine? Alikuja mwenyewe kuweka saini?"

Nikasema ndiyo. Wanangu, niliogopa jela, nikasema ndiyo. Naye akashusha pumzi: "Basi huyo ndiye watamfuata. Mshahara wake uko karibu kuliko shamba lako."

Nikarudi nyumbani na uongo huo, nikakaa nao miezi saba. Dishon akaacha kuja, na huo ukimya ukaniogopesha kuliko sauti yake, hadi wiki iliyopita aliponipigia simu. "Mama, wewe pumzika. Mwisho wa mwezi tunaenda kwa mwalimu." Ile safari ya mjini, Zadock, uliyonipeleka ukidhani nakwenda kliniki, nilikuwa nakwenda kwa Wangui. Nikamwambia kweli yote. Akaniambia, "Mama, ukiapa hivi, umekiri kosa. Wanaweza kukushtaki." Nikamwambia andika. Hati ya kiapo ikaandikwa, ikapigwa mhuri. Moja anayo yeye, nyingine iko chini ya godoro hili, upande wa ukutani. Hakuniahidi kitu. Saini usiyoiweka haikufungi, alisema, lakini Dishon atakana, atasema kikongwe alikuwa mgonjwa, hajui asemalo. Ndiyo maana nimemwita mzee wa kijiji akae pale mlangoni, anisikie nikiwa na akili zangu.

Nipe maji. Basi... yatosha.

Sasa shikeni haya. Watakuja matangani. Watakuja na rambirambi na maneno ya pole, na karatasi mpya, watasema ni ya kuwapunguzia deni. Ile ya zamani wanajua ni dhaifu, ndiyo maana wanataka saini zenu halisi. Msiweke. Hata ya kupokea rambirambi msiweke. Dawa ya deni ni kulipa, basi yale yaliyobaki na riba ya haki lipeni kupitia kwa Wangui, mdai risiti, lakini lipeni nililokula mimi, si walilolipika wao. Zadock, mkinizika tu, chukua barua ya chifu uende kortini ufungue mirathi ya baba yako, na jina la dada yako liandikwe sawa na lako. Usinikunjie uso. Nusu ya shamba ni yake. Mimi nimemchukulia vya kutosha.

Nizikeni kushoto kwa Opondo. Msikope kwa ajili ya jeneza.

Celestine. Naona umeuachia mkono wangu. Sawa, mama. Usiniambie umenisamehe kwa sababu tu naondoka. Msamaha wa kuharakishwa hauponyi. Kasirika, mwanangu, lakini usiogope kama nilivyoogopa mimi. Nilikuwa na... nilikuwa naweza kukuambia siku ileile.

Mungu aliyenivusha maji yale awavushe na nyinyi. Mlango wenu usigongwe na mtu mnayemkimbia. Watoto wenu wasome kila karatasi... mpaka mwisho... kabla ya...

Zadock, mwanga umepungua, au ni mimi? Celestine... uko hapo? Sikuoni. Sema kitu, mama. Hata kama ni cha hasira... sema...