Mwenye Nyumba Apiga Hodi

Fundi cherehani aliyekaa mbele yangu kwenye basi alikuwa amebadilisha kitasa cha chumba alichopanga, na mzee wa pembeni yake, mwenye rundo la funguo kiunoni, hakuamini.

"Mwanangu, umemfungia mwenye nyumba nje ya nyumba yake?"

"Baba, alikuwa anajifungulia tu. Juzi kanikuta na taulo, eti anakagua dari."

"Kwani inavuja?"

"Tangu nihamie! Kuitengeneza hataki, kuitazama hachoki."

Nilificha kicheko kwa kikohozi. Mzee akazifunika funguo zake kwa kiganja.

"Mkataba wetu unasema atoe taarifa kabla ya kuingia, na matengenezo ni juu yake. Nilimsomea pale pale mlangoni, kwa sauti, majirani wakisikia."

"Atakufukuza, mama."

"Labda. Lakini leo asubuhi kapiga hodi. Kasimama nje na fundi wa mabati, kangoja nimfungulie."

Mzee akazipapasa funguo zake moja moja, kama anayehesabu milango yake mwenyewe. "Basi, maadamu kajishusha, kamwombe radhi, yaishe."

Basi likasimama. Fundi cherehani akanyanyuka, akatupia mkoba begani.

"Simwombi."