Pua ya Mama Birika

Kijiwe chenyewe hakina makuu: benchi moja la mbao lililopinda katikati kwa kukaliwa mno, ndoo ya rangi iliyogeuzwa kuwa kiti, na meza ya Mama Birika iliyozibwa kwa mbao pande tatu ili upepo usimzimie moto. Kipo pembeni ya ukuta wa kinyozi. Ukitaka habari za mtu yeyote, nenda pale. Ukitaka habari za kweli, utafute kwingine. Juu ya meza kuna jiko la gesi la plati mbili, bado linang'aa, na chini, nyuma ya pazia la maua, umekaa mtungi. Zamani Mama Birika alipika kwa mkaa. Siku jiko hilo lilipofika, watu walilizunguka kama bibi harusi, na Bomba, fundi wa mabomba ya maji aliyejistaafisha mwenyewe, ndiye aliyelifunga. Alikataa hata ahsante, akanywa kahawa ya bure mpaka jioni.

Asubuhi hiyo Mama Birika alikuwa ameshazima jiko na kumimina birika la kwanza kwenye chupa ya chai. La pili alikuwa amelijaza maji, kiwashio kiko mkononi, anataka kuwasha. Ndipo Redio, pale kwenye ndoo yake karibu na pazia, alipoinua kichwa.

— Nasikia kitu.

Benchi zima likaangua kicheko. Redio ana masikio mazito kuliko ukuta wa kinyozi. Ukimwuliza ameamkaje, anakujibu habari za mvua. Wamempa jina hilo kwa sababu yeye hutangaza tu, hapokei.

— Redio akisikia kitu, basi ni kiyama, alisema Kiberiti.

Huyu Kiberiti ni mwembamba, mrefu, na sigara haitoki sikioni mwake ila inapokwenda mdomoni.

— Nasikia harufu, wewe! Harufu haisikiwi kwa sikio!

— Inasikiwa kwa nini, kwa goti?

— Kwa pua! Masikio yangu ni mabovu, pua nzima!

Bomba akanusa kushoto, akanusa kulia.

— Kweli bwana. Hata mimi naisikia. Kama yai viza.

— Ni mtaro huo, alisema Kiberiti.

— Mtaro gani? Juzi tu nimeuzibua mimi mwenyewe.

— Basi ndiyo maana unanuka.

— Ala! Unanitafuta asubuhi yote hii?

Wote wakamgeukia Mama Birika, maana mtaani pale pua yake ndiyo mahakama. Akina mama humletea maziwa ayanuse kama yamelala. Kinyozi aliwahi kuambiwa na Mama Birika kwamba waya wake unaungua, akabisha, na kabla hajamaliza kubisha mashine ikatoa moshi. Akitamka yeye, hapakatwi rufaa.

Mama Birika akavuta pumzi ndefu. Akasubiri. Hakuna. Akavuta tena, hakuna, kama siku zote tangu yale mafua yaliyomlaza kitandani. Mafua yaliondoka, nayo yaliondoka na pua yake. Hakumwambia mtu, hata binti yake. Kahawa huikaanga mwenyewe, na mtu anayekaanga kahawa hujua kwa pua wakati wa kuiepua. Sasa mama wa kahawa asiye na pua atauza nini, joto? Siku ikijulikana tu, benchi litahamia kwa mwingine, naye atabaki anajipigia soga na mtungi.

Akakunja uso kama mtu aliyepata kitu.

— Hm. Ipo, ipo.

— Ya nini, Mama?

— Ya... ya kitu.

— Mmemsikia? alisema Redio, aliyeona kichwa tu kikitikiswa. Mama kathibitisha!

Basi ikawa kazi. Ukishawathibitishia watu wa kijiwe kwamba kitu kipo, hawakosi cha kukiita.

— Mimi nasema ni soksi za Redio, alisema Bomba.

— Redio havai soksi.

— Ndiyo nasema. Alizivua wapi?

— Ni kinyozi, alisema Kiberiti. Kaleta mafuta mapya ya nywele. Mtu akipakwa, hata mke wake hamkaribii wiki nzima.

— Kinyozi hajafungua.

— Ndiyo hatari yake! Bado hajafungua na yamefika huku!

Redio akagonga ndoo yake kwa kisigino.

— Sikilizeni niwaambie. Hii inatoka chini. Nimekaa chini kuliko nyinyi wote, mimi ndiye ninayeipata vizuri. Ardhi inapumua!

— Inapumua?

— Kuna gesi ardhini! Tumekalia utajiri, jamani! Siku si nyingi wataleta mitambo hapa!

Kiberiti akaacha kucheka. Akaliangalia lile benchi kwa heshima mpya.

— Mitambo ikija, watatuhamisha.

— Hatuhami! alisema Bomba. Wazungumze na sisi kwanza. Lazima pawe na kamati.

— Mwenyekiti nitakuwa mimi.

— Wewe? Na sigara yako hiyo, uwe mwenyekiti wa gesi?

— Kwa hiyo nani, wewe? Utaitafuta gesi kwa koleo?

Neno hilo, gesi, lilimwingia Mama Birika kama maji ya baridi mgongoni. Akamkumbuka kijana wa duka la mitungi siku alipolinunua jiko. Kijana alisema, Mama, gesi yenyewe haina harufu, wameitia harufu ya yai viza makusudi, ili ikivuja pua ikushtue. Ukiisikia funga mtungi, usiwashe chochote, na usidhani imeondoka mara moja, maana ni nzito, inatuama chini. Naye Mama Birika alimcheka kijana wa watu. Akamwambia, mwanangu, kuhusu pua usinifundishe. Mafua yalikuwa bado hayajamkuta.

Akakiweka kiwashio mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto.

— Jamani, na kama ni gesi yangu mimi?

Bomba akasimama. Kaumia kweli.

— Gesi niliyoifunga mimi?

— Nauliza tu, kaka yangu.

— Haya, tuondoe maneno.

Akapiga magoti, akafunua pazia, akaingiza mkono na kuupapasa mpira wa gesi kutoka jikoni mpaka kile kichwa cha mtungi ambacho wenyewe hukiita regyuleta. Akatoka akiwaonyesha watu kiganja.

— Pakavu! Tazameni wenyewe. Ingekuwa inavuja, si mngeona pamelowa? Nimeziba mabomba ujana wangu wote, sijaona kinachovuja bila kulowesha!

— Hapo kweli, alisema Kiberiti.

Mama Birika hakubishana naye. Aliinama, akashika regyuleta, akafunga mtungi kwa mkono wake. Alipoinuka jasho lilikuwa linamtoka, na asubuhi ilikuwa ya baridi.

— Umefunga? aliuliza Kiberiti. Basi yamekwisha. Ngoja nivute, nimekaa na hamu tangu tulipoanza kamati.

— Bado naisikia! alisema Redio.

— Mimi siisikii, alisema Bomba.

— Wewe pua imeshazoea. Umekaa ndani yake kama mchuzi.

— Naye Redio hapo chini bado anavumbua utajiri wake, alisema Bomba. Tumsikilize nani?

— Tumsikilize Mama, alisema Kiberiti.

Akaitoa sigara sikioni, akaiweka mdomoni. Akatoa njiti moja na kuiegemeza ubavuni mwa kibiriti.

— Mama akisema imekwisha, nawasha. Mama akisema bado, nairudisha. Neno ni lake.

Ndipo akatokea mpangaji mpya, yule dada mshonaji aliyehamia chumba cha mkabala, kikombe mkononi. Akamtazama Kiberiti na njiti yake, akamtazama Redio na ndevu zake zilizokaribia kugusa pazia. Halafu akamgeukia mwenye meza.

— Shikamoo Mama. Kuna harufu ya nini? Wewe unaisikia?

Mama Birika aliufungua mdomo na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: imekwisha. Neno jepesi kabisa. Mtungi umefungwa, huenda kweli imekwisha, Kiberiti atavuta sigara yake, watu watarudi kwenye kamati, na kahawa itauzwa kesho kama jana. Nani angejua? Lakini chini ya ile meza, ndani ya zile mbao za pande tatu alizozipigilia mwenyewe, hakujua kumetuama nini. Na Redio wa watu amekaa hapo mbele ya pazia, anatabasamu, hajui hata wanazungumza nini.

— Usiwashe!

— Kwa hiyo bado unaisikia, alisema Kiberiti.

— Siisikii.

— Basi imekwisha. Nawasha.

— Usiwashe nimesema!

— Mama, nieleze nielewe. Unaisikia au huisikii?

— Siisikii kwa sababu sisikii! Sisikii chochote, Kiberiti! Pua imekufa! Mafua yameiua! Hata ukiniwekea samaki wa juma lililopita hapa chini, nitakuambia ni waridi! Haya, mmeridhika?

Njiti ikamponyoka Kiberiti mkononi. Redio akamvuta Bomba suruali.

— Kasemaje?

— Anasema hasikii!

— Hata yeye? Masikini. Mwambie asiogope, mimi waliniambia ni nta ya masikio tu.

Mama Birika hakuwa na nafasi ya kucheka wala kulia. Alimwondoa Redio kwenye ndoo, akaving'oa vile vibao vya upande wa barabarani, akalirusha pazia juu, akawasogeza wote mpaka kwenye kizingiti cha kinyozi. Wakasimama pale wakiitazama meza kama wanaomngoja mgonjwa atoke kwa daktari. Upepo ulipita, ukapita tena. Dada mshonaji alikwenda kunusa mara kwa mara, mpaka akasema sasa ni hewa tupu.

— Kama pua sina, macho ninayo, alisema Mama Birika.

Akakoroga sabuni ya vyombo kwenye bakuli mpaka ikatoa povu zito. Hivyo pia aliambiwa na yule kijana wa duka. Akaupaka mpira wote, akazipaka ncha zake mbili, akaifungua gesi kidogo tu. Kwenye regyuleta povu lilitulia. Kwenye ncha ya jikoni likaanza kuvimba, likavimba, likawa puto, likapasuka, likaanza jingine. Akafunga mtungi palepale. Kila mtu aliinama kutazama, na kila mtu alikiona kilichofungiwa hapo: kipande cha tyubu ya baiskeli, kimezungushwa na kupigwa fundo.

Wakageuka kumtafuta Bomba. Alikuwa anasoma bango la mitindo ya nywele.

— Bomba!

— Kibano kilipotea siku ile, alisema bila kugeuka. Nikaona tyubu itafaa. Kwenye maji inakaa miaka.

— Hii ni maji?

— Sasa nimejua.

— Mimi ndugu yako, Bomba! Ungenilipua, deni la aibu hiyo ungemlipa nani? Nenda kaniletee mpira mpya na vibano vya chuma, na yule kijana wa duka uje naye afunge mwenyewe. Ukirudi na tyubu nakuvalisha shingoni!

Bomba alikuwa mpole kama mkwe. Akaenda hatua chache, halafu akasimama, kwa sababu Mama Birika alikuwa amekaa kwenye benchi. Siku zote yeye husimama. Leo amekaa, mikono mapajani, machozi yanamtoka waziwazi.

— Basi mmeshajua, alisema. Kahawa naikaanga kwa kubahatisha. Naiepua nikichoka kungoja. Sina ladha, sina harufu, nawadanganya tu. Nendeni mkatafute kwingine, sitamlaumu mtu.

Kiberiti akakohoa. Akamtazama Bomba, Bomba akamtazama Redio.

— Mama, tulijua.

— Mlijua nini?

— Si habari za pua. Kahawa. Imeungua tangu ulipotoka kuumwa. Si kuungua, Mama, ni masizi. Tunakunywa sufuria.

— Na jana ukaniambia, Mama leo umepatia!

— Ningesemaje? Ungeudhika ukafunga.

— Na wewe Bomba?

— Mimi nilidhani jiko linatoa moto mkali. Nikasema nikilalamika, wataanza kuuliza nani aliyelifunga.

— Redio!

— Eeh?

— Kahawa yangu! Ulijua imeungua?

— Kahawa? Mimi nilidhani ni dawa. Nilikuwa nakunywa kwa ajili ya masikio.

Mama Birika alicheka huku analia, akawatukana mmoja mmoja kwa majina yao yote, yale ya kijiweni na yale ya mama zao. Halafu akainuka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akamchukulia mgeni kikombe chake na kukimiminia kilichobaki kwenye chupa ya chai. Dada mshonaji akapiga funda moja. Uso wake wote ukakutana katikati.

— Mama, nisamehe. Hii imeungua kweli.

— Wameshaniambia, mwanangu.

Dada mshonaji akalitazama benchi, akawatazama wale watu wazima watatu kwa zamu. Alitaka kuelewa tu, hakuwa na ubaya.

— Sasa kama kahawa ilikuwa masizi siku zote hizo, nyinyi mlikuwa mnakuja hapa kila asubuhi kufanya nini?

Kiberiti aliitazama sigara yake, akairudisha sikioni. Bomba akakumbuka ghafla kwamba kuna vibano vya kununua, ila miguu yake haikutoka mahali pake. Mama Birika alisimama na chupa mkononi, anasubiri na yeye kusikia jibu.

Redio, ambaye swali lilimpita kama yalivyompita maswali yote, alikuwa ameshairudisha ndoo yake mahali pake na kuikalia. Akanyoosha kikombe.

— Mama, niongezee.