Jumapili ya Kisima: Maisha ya Rafaeli Asheri

Wazee wetu, shikamooni, ndugu wafiwa, poleni. Asiyeamini na abishe sasa hivi kabla sijafika mbali, kwamba mtu tunayemzika leo hapa Mwera amekifia kisima ambacho kambi nzima inakunywa maji yake, na siku aliyoingia kukisafisha kambi nzima ilikuwa imekaa barazani.

Marehemu Rafaeli Asheri alizaliwa tarehe 14 Machi 1901, Kwamkole, Ubondei, akasoma shule ya misheni toka 1910 mpaka vita vilipoifunga 1914, miaka minne iliyomtosha kuwaandikia barua nusu ya watu wa kambi hii, ilhali mpwa wake Safari, anayewasomea, aliikimbia shule darasa la tatu na bado anawashinda wengi wenu kwa mwandiko. Mwaka 1926 alikuja Mwera kukata mkonge, tarehe 6 Juni 1928 akafunga ndoa na Bibiana, wakajaliwa Timotheo, Kristina na Beatrisi.

Kwao watu hukaa mbalimbali, kilima kwa kilima, lakini chemchemi wanaitunza kwa msaragambo, kazi ya wote isiyo na ujira, na maji yao meupe. Sisi hapa tunakaa ukuta kwa ukuta, mtu akipiga chafya jirani anasema afya, halafu kisimani tunafua nepi, tunaosha mapanga, mkuyu uliokitia kivuli tumeukata tukaupikia ugali, na kila mmoja anangoja mwenzake asafishe. Marehemu akisema, anachekwa. Uweso, jirani yake wa ukuta mmoja, alimwambia mbele ya watu, "Mzee Rafaeli, fagia uani kwako, kisima kina wenyewe."

Akamjibu, "Hao wenyewe ndio nawatafuta, bwana Uweso, mwaka wa tatu huu sijawaona."

Uweso yule pale, anatazama viatu vyake, ambavyo leo kavipiga rangi.

Marehemu akapanga msaragambo Jumapili, tarehe 3 Novemba 1957, baada ya ibada, hakuja hata mmoja, akaingia peke yake, mzee wa miaka hamsini na sita, maji yakimfika kifuani, akatoa matope mpaka jua likatua, kesho yake kichomi kikamshika, akalazwa Pangani, akafariki Jumamosi, tarehe 9.

Tunawashukuru daktari na wauguzi wa Pangani, majirani waliopika, na wenzake wa mkonge waliochimba kaburi, wengi kwelikweli, kumbe majembe mnayo.

Karatasi aliyoikagua mke wa mjomba, Bibiana, inaishia hapa. Kuna sehemu Safari hakuiandika. Msaragambo hauendewi mpaka baragumu lilie jioni ya kuamkia siku yenyewe, na Mzee alimpa yeye alipige. Jioni ile Safari alikuwa dansini Pangani na shati jipya, na aliporudi akamwambia mjomba wake kwamba amelipiga na kambi nzima imesikia.

Bwana Uweso, inua uso. Hamkuitwa.

Pumzika, Mjomba wangu. Hawakukukataa.