Shangazi na Kunde za Bendera Tano

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mtafiti wetu wa maua ya jamii ya kunde anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Kwenye karatasi za ofisi ana jina refu na vyeo. Kwenye korido ni Shangazi, kwa sababu kabla hajakuuliza matokeo yako, huuliza kwanza kama umekula.

Aliajiriwa na swali moja mkononi na hajalimaliza. Ua la kunde lina petali tano za sura tatu: moja pana juu, iitwayo bendera, mbili za ubavuni, mbawa, na mbili za chini zilizoungana kama mkuku, ule uti wa chini wa chombo cha baharini, zikifunika chavua. Katika tumba changa zote ni vinundu vinavyofanana. Nani anaviambia kipi kiwe nini? Na kwa nini binamu zake wamevaa tofauti, ukwaju ukabaki na petali tatu kubwa, mgunga ukachanua kama brashi? Wageni waliomletea mashada waliambulia shukrani za adabu tu. Kwake, ua likishafunguka mambo yamekwisha. Alitaka matumba madogo kuliko kichwa cha pini, akiyapasua kwa sindano huku amebana pumzi.

Bahati ilimjia na mche mmoja wa kunde uliozuka shambani, petali zake zote tano zikiwa bendera. Ishara inayoipa petali ya juu sura yake ilikuwa imesambaa ua zima. Uzao wa mche huo ulimpa makala zake bora, ukamnyima na raha. Bila mkuku, chavua haifiki inapotakiwa na ua hudondoka bila kufunga ganda. Basi kila msimu aliyachavusha maua hayo kwa mkono, asubuhi mapema, kabla hayajafumba.

Mwaka fulani msimamizi wa shamba, mtu makini, alisafisha kitalu kabla ya ukaguzi. Kanuni ya shamba la mbegu inajulikana: mche usiofanana na wenzake ung'olewe. Aling'oa bendera zote. Shangazi alizifuata kwenye lundo la mboji, akarudi na miche miwili iliyonyauka na majani makavu kichwani. "Baba, kazi umeifanya vizuri," alimwambia. "Tatizo ni hilo." Tangu hapo kitalu kina uzio, na hakuna anayekilinda kwa ukali kama msimamizi.

Kustaafu kwake kulituweka pabaya. Mikono mingine ilipojaribu, maua yalidondoka. Msimu huu alimkabidhi fundi wa maabara brashi yake ya kuchavushia, akasimama kando mikono mgongoni, adhabu kubwa kwa mtu wa tabia yake. Mwanzoni hakuna ua lililoshika. Tulimsihi aingilie, akakataa. "Nikishika mimi, mtapata mbegu za mwaka mmoja tu." Kisha akamgeukia fundi: "Mwanangu, unagusa ncha. Hupaki rangi ukuta."

Wiki iliyopita maganda ya kwanza yalikomaa, na hakuna hata moja lililopitiwa na mkono wa Shangazi. Aliyatazama, akamkabidhi fundi ufunguo wa uzio, akaenda kunywa chai.

Shangazi, asante kwa kazi, na kwa kutukumbusha kula. Mumeo anasema nyumbani pana maboga tu ya kuchavusha, tunamwombea subira. Wewe tunakutakia afya, heri na asubuhi ndefu za kulala. Kunde zimeshapata mtu.