Kipande cha Pili cha Keki

Kwenye tramu ya asubuhi nilikaa nyuma ya Marloes, dada anayeuza bangi, kwa ruhusa ya serikali, kwenye mkahawa wa mtaani kwetu. Kando yake alikaa mzee mmoja, amepakata jibini zima.

"Chukua, binti. Juzi bila wewe ningekufa."

"Hakuna anayekufa kwa keki ya bangi, mzee wangu. Nilikwambia ule kipande kimoja, usubiri saa mbili. Wewe baada ya robo saa ukala cha pili."

"Cha kwanza kilikuwa kimelala!"

"Kikaamka na mwenzake."

Niliinama nisicheke. Wageni wote hukosea hapo hapo, na wengine si wageni.

"Moyo ulinienda mbio," mzee alisema. "Ukanipa maji ya sukari, ukanishika mkono mpaka jioni. Ahsante, binti. Wanangu hawajawahi kunishika hivyo."

Marloes alitazama dirishani.

"Leo niuzie nusu tu."

"Leo nakuuzia chai."

"Nina miaka sabini na tisa!"

"Ndiyo maana."

"Chai sawa. Lakini utakaa na mimi?"

"Nina kazi, mzee."

Tramu ikasimama. Marloes akashuka haraka, kisha akageuka, akamsubiri.