Koti Nyuma ya Mlango: Maisha ya Mzee Kamba

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Kamba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, kitinda mimba wa fundi viatu, katika nyumba iliyokuwa na baridi hata jikoni.

Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi bomba mwaka 1972. Walimu waliisifu mikono yake. Mdomo wake waliuvumilia.

Baadaye alijifunza mitambo ya kupasha nyumba joto linalotoka ardhini, ambayo mabomba yake huzikwa uani. Kazi ya kwanza aliiharibu. Aliyabananisha mabomba, udongo ukapoa kupita kiasi, na bustani ya mteja ikabaki na barafu wakati majirani wameshaanza kupanda. Alifukua yote akapanga upya. Tangu hapo hakuchimba kabla ya kutandaza kamba kila mahali bomba litakapopita, na kumtaka mwenye nyumba atembee juu yake. "Hapa utapanda mti? Sema sasa. Nikishafukia usinililie."

Mwaka 1978 alimwoa mama yetu, mwalimu wa chekechea. Baba alipasha joto nyumba za watu huku mkewe akila chakula cha jioni na koti mwilini. "Mume wangu, na mimi nipange foleni na wateja wako?" mama alikuwa akimuuliza. Baba alicheka na kusema mwakani. Ikawa mwakani kila mwaka.

Aprili iliyopita aliambiwa ana saratani ya mapafu. Hakuuliza amebakiwa na muda gani. Aliuliza kama atawahi kabla ya baridi. Akiwa kitini uani kwetu, alimwelekeza mkwe wake kutandaza kamba. Mama akazifuata, akasimama kwenye tuta lake la vitunguu.

"Hapa hapaguswi."

"Mkubwa kasema," baba alimwambia mkwe. "Zungusha."

Wakapanga upya yote. Mtambo uliwashwa Oktoba. Jioni hiyo mama alivua koti, akalitundika nyuma ya mlango. Baba alilitazama kwa furaha kubwa, kisha akaomba chai.

Alifariki tarehe 2 Februari, kitandani kwake, miguu ikiwa nje ya blanketi kwa sababu alisikia joto.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe na wajukuu watatu. Juzi mlipokuja kutupa pole, mama aliwahimiza nyote mvue makoti. Alikuwa akiwaonyesha kazi ya mumewe.

Udongo alioujua vizuri umpokee, naye astarehe.