Jumamosi za Mwalimu Lukresia

Mheshimiwa Baba Paroko, Masista wetu, Mwenyekiti wa kigango cha hapa Matogoro, viongozi wa jumuiya, wazazi, na wewe Mwalimu Lukresia, ambaye leo tumekukalisha mbele bila ridhaa yako: Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa wote, shikamooni.

Naitwa Renatha, ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nimeombwa kuwasemea watoto waliofundishwa dini na Mwalimu Lukresia, ambaye kesho anahamia Namtumbo kumuuguza mama yake.

Wageni wetu huenda hawajui kwamba kazi hii aliifanya kwa kujitolea. Mwalimu ni fundi cherehani kule Bombambili, na kila fundi anajua kwamba Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Siku hiyo ndiyo aliyotupa sisi.

Baba Paroko, bila shaka unaukumbuka mwaka wetu wa Komunyo ya Kwanza. Ulikuja kutupima. Tulikuwa tumekariri majibu yote kwa mfuatano, kama wimbo. Ukamuuliza Osmund ni nani aliyemuumba, akajibu vizuri. Kisha ukaruka swali moja, ukamuuliza Mungu alimuumba kwa nini. Osmund akasema, "Yuko kila mahali." Ukarudia swali taratibu, ukidhani hakusikia, na sisi wote tukamsaidia kwa sauti moja: yuko kila mahali.

Leo tunacheka. Siku ile hakuna mzazi aliyecheka, maana Komunyo iliahirishwa, na magauni meupe yalikuwa yamekwisha kushonwa, mengine na Mwalimu mwenyewe. Ilisemwa hapo nje kwamba fundi arudi kwenye cherehani yake. Je, kama angerudi, nani angemlaumu? Lakini alisimama mbele yako akasema, "Watoto hawana kosa, Baba. Niliwafundisha kujibu, sikuwafundisha kuamini. Naomba nianze upya."

Akaanza upya. Tangu hapo, mtoto akisema Mungu yuko kila mahali, Mwalimu aliuliza, "Na jana, nyumbani kwenu, alikuwa wapi?" Aliyejibu kwanza ni Rupert, ambaye kwa kawaida hakuongea kabisa. Alisema, "Alikuja na jirani yetu, Mama Zuhura. Bibi alikuwa anaumwa, Mama Zuhura akatuletea uji." Optatus akadakia kwamba Mama Zuhura ni Mwislamu, haji kanisani. Mwalimu akamwambia, "Sikuuliza nani anakuja kanisani."

Sasa, ndugu zangu, Jumamosi ijayo mlango wa darasa lile utafunguliwa na nani? Mwenyekiti ametueleza kwamba asipopatikana mtu, watoto watakwenda kujifunza mjini. Wakubwa wataenda. Wale wadogo wa miaka saba na minane hawataweza, na sote tunalijua hilo ingawa hatulisemi.

Wiki iliyopita niliomba nilishike mimi darasa hilo. Mwenyekiti akaniambia nikaulize kwanza nyumbani. Mama yangu, ambaye yupo hapa, aliniuliza kama mtihani wa kidato cha nne nitafanyiwa na malaika. Tena kwetu Jumamosi ni siku ya kufua, na mfuaji ni mimi.

Mwalimu, swali lako lile la jana alikuwa wapi, hukuwahi kuniuliza mimi. Leo nakujibu bila kuulizwa. Jana, Jumamosi, niliamka nikakuta beseni halipo mahali pake. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, anafua nguo zetu zote. Hakugeuka kunitazama. Alisema tu, "Nenda ukaangalie Mwalimu anavyofanya, kabla hajaondoka."

Alikuwa hapo, Mwalimu. Jana, nyumbani kwetu.

Kwa niaba ya watoto wote, ahsante. Mungu amjalie mama yako nafuu. Na wewe Baba Paroko, ukiniruhusu, Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi mlango utakuwa wazi.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza.